Nakala Tatu Kwenye Rafu Moja

Bado nina hasira, na sitajifanya zimeisha. Niliona taa tatu za kijani kwenye skrini nikaziamini kama mjinga.

Ofisi yetu ya Tunduma ilikuwa inapiga picha hati za watu: vibali vya mawakala wa forodha, na makubaliano ya mashamba ya wakulima wa Mbozi. Picha zenyewe zilikaa mbali, kwenye hifadhi ya kukodi ya mtandaoni, salama kabisa. Lakini huko kila picha ilipewa jina refu la herufi na tarakimu lisilo na maana kwa binadamu. Kujua ipi ni ya nani, ilibidi uangalie orodha yetu: jina la mwenye hati, kijiji chake, na lile jina refu la picha. Orodha ikipotea, picha zote zipo na huna hata moja. Ndiyo maana niliiwekea nakala tatu, kwenye mashine tatu: moja Tunduma, na mbili kwenye vyumba vyetu vya Nanyala na Ruanda, vijiji vya huko huko Mbozi. Moja ikifa, mbili zilizobaki zinaijaza upya. Niliringa sana kwa kazi hiyo.

Sasa, huku kwetu mahindi yakishavunwa hakuna chumba kinachobaki kitupu. Bosi wangu akawapangisha watu wa mahindi vile vyumba vya Nanyala na Ruanda. Vidonge vya kufukizia magunia vinatoa gesi inayokula nyaya, na hilo alilijua, kwa hiyo akaona amefanya la maana: mashine zote mbili zikafungwa kwenye bodaboda, zikaletwa Tunduma, zikapangwa rafu moja na ile ya tatu. Zote zikachomekwa kwenye waya mmoja. Mimi nilikuwa likizo Ileje kwa wazazi. Niliporudi hakuniambia, na mimi sikwenda kuangalia. Skrini iliendelea kuandika Tunduma, Nanyala, Ruanda, kila jina na taa yake ya kijani, kwa sababu majina hayo niliyaandika mwenyewe. Mashine haijui iko wapi, inajua ulichoiambia.

Jumatatu asubuhi umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu kupita kiasi. Rafu nzima ikanuka plastiki iliyoungua; mashine zote tatu zilikufa, na orodha ikafa nazo.

"Si kuna nakala?" bosi aliniuliza.

"Nakala zote zilikuwa hapa! Nani alizileta?"

"Dada, usinipandishie sauti. Mimi nilikuwa nazilinda."

Eti alikuwa anazilinda! Nilitoka nje nisije nikasema neno la kunifukuzisha kazi, nikasimama kwenye vumbi la malori.

Nikiwa hapo hapo akaja mama mmoja mkulima wa Ruanda, mjane. Jirani yake alikuwa anadai nusu ya shamba la kahawa alilonunua marehemu mumewe, na Ijumaa walitakiwa kwenye baraza la kata. Karatasi yake halisi ililiwa na mchwa. Picha yake tulipiga sisi, kwa mikono yangu.

"Ipo, mwanangu?"

"Ipo, mama."

"Basi nipe niwahi gari."

Nilimwambia arudi Alhamisi, nikashindwa hata kumtazama usoni. Tukaanza kufungua picha moja moja, mimi na mwenzangu, maana zimeandikwa kwa mkono na kompyuta yetu haisomi mwandiko huo. Zilikuwa maelfu. Na hifadhi ile ilikuwa inaruhusu kubandika jina la mtu kwenye picha yenyewe wakati wa kuihifadhi. Ningefanya hivyo, orodha ingejengwa upya kutokana na picha zenyewe. Niliona inachelewesha kazi. Kwa hiyo bosi nimemlaani, na mimi nimejilaani vilevile.

Alhamisi yule mama alikaa kwenye benchi letu mpaka tulipofunga. Hakulalamika, na afadhali angenitukana. Ijumaa alikwenda barazani mikono mitupu. Jirani alikuja na mashahidi, akaondoka kifua mbele, na kesho yake akaingia shambani.

Picha niliipata Jumanne iliyofuata, ina mhuri wa kijiji na alama ya dole gumba la mumewe. Niliichapisha nikaipeleka Ruanda mwenyewe. Nilimkuta amesimama pembeni mwa shamba.

"Nisomee," alisema.

Nikamsomea: mpaka unaanzia barabarani, unafuata mstari wa mibuni mikubwa, unaishia kwenye mfereji.

Mbele yetu hapakuwa na mbuni hata mmoja. Jirani alikuwa ameshang'oa yote na kusawazisha udongo, kuanzia barabarani hadi kwenye mfereji.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Sasa nionyeshe huo mstari."