Kushuka na Mafuta Yamefungwa

Kiki ya kwanza ilinirudisha. Niliikanyaga kwa haraka, kama watu wanavyowasha bodaboda asubuhi, na kile chuma kikanipiga unyayo kutoka chini kwenda juu kwa nguvu niliyokipa na nyingine ya kwake. Goti likagonga usukani. Nikajikuta nimekaa kwenye mchanga uliolowa oili, mbele ya mafundi wanne, wateja wawili na kaka yangu. Wote walicheka isipokuwa baba mdogo, mwenye gereji, ambaye alisema tu, "Nilikutuma usome. Sikukutuma uwashe."

Kusoma ndiyo ilikuwa kazi yangu pale Majengo. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya bima na usimamizi wa majanga, na nilikuwa nimetuma barua za maombi hadi nikaanza kuzionea aibu. Baba mdogo akaniita gerejini niwe nasoma vitabu vya mwongozo vya Kiingereza na kuwaambia mafundi vinasema nini. Alisema ni kwa muda. Kila mtu aliyenipa kitu mwaka ule alisema ni kwa muda.

Nilikuwa mtu wa tahadhari. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Nikiona jeki juu ya udongo laini, naona gari limeshaanguka. Nikiona fundi anachomelea karibu na dumu la petroli, naona mazishi yake, naona nani anasoma wasifu wa marehemu, naona wamekosea mwaka wake wa kuzaliwa. Basi nilisema. Nilisema kila kitu, kutwa nzima. Kaka yangu, mtoto mkubwa wa baba mdogo, alikuwa dereva wa bodaboda na kijiwe chao kilikuwa mbele ya gereji. Tahadhari zangu ndizo zilikuwa burudani yake. Alikuwa akiinua kikombe na kunyoosha mkono kama mwanafunzi darasani.

"Msomi, naomba tahadhari ya hii chai."

"Ni ya moto, kaka."

"Mmesikia? Miaka mitatu chuoni. Chai ni ya moto."

Ile pikipiki iliyonirudisha ililetwa juu ya pikapu. Ilikuwa ya mashindano ya porini, injini ya mipigo miwili, silinda moja tu, cc mia tano, nzee kuliko mimi. Bodaboda za mjini ni mia na hamsini au chini ya hapo. Mwenye pikipiki alikuwa mzee mmoja wa Bomang'ombe aliyekuwa anawazungusha watalii kwa pikipiki kwenye vijiji vya mlimani. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao. Alitaka ifufuliwe, na alitaka mtu wa kuiendesha mbele ya msafara. Kazi ya kudumu, yenye mkataba.

"Awe anajua Kiingereza," alisema, nami nikanyanyua kichwa. "Na awe anajua kuendesha," akaongeza, kaka naye akanyanyua chake.

Kazi ilikuwa moja, na tuliokuwa tunaitaka tulikuwa wawili.

Kitabu cha mwongozo cha pikipiki ile kilikuja kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilikisoma mara tatu. Injini za namna ile hazina tangi la oili chini kama bodaboda. Oili huchanganywa ndani ya petroli, zikaingia pamoja, zikaungua pamoja. Baba mdogo aliuliza swali moja, oili kiasi gani, nikamwambia, na tangu siku hiyo nikawa nachanganya mimi mwenyewe kwenye dumu la njano, nikirudia kupima hadi mafundi wakachoka kunitazama.

Lakini kulikuwa na aya nyingine, ukurasa wa mbele zaidi. Ilisema kwamba kwenye mteremko mrefu, ukifunga mafuta huku gia iko ndani, injini inaendelea kuzungushwa na tairi bila kupata petroli, na isipopata petroli haipati oili pia, na ikikauka hukwama ghafla. Dereva ashauriwe kufungua kidogo kila baada ya muda mfupi, au akamate klachi. Niliipigia mstari kwa penseli. Nilikusudia kuieleza. Ilikuwa ndefu, na watu wakati ule walikuwa wameshaanza kuondoka kabla sijamaliza sentensi.

Nayo ilikuwa muhimu kuliko zote, kwa sababu kwetu kila dereva wa bodaboda anashuka mlima kwa namna moja. Anatia gia ya pili au ya tatu, anafunga mafuta kabisa, anaiacha injini ishike. Breki zinadumu, petroli haiendi. Ndiyo elimu ya kwanza wanayopeana kijiweni.

Ilipowaka nilipewa nafasi ya kuijaribu kwenye uwanja wa wazi kule Rau. Kuwasha kwenyewe ni adabu: unasukuma kiki taratibu hadi unakuta sehemu ngumu, unaivuka kidogo, unairudisha juu, ndipo unakanyaga hadi chini bila kusitasita. Ukisitasita inakurudishia. Mimi nasitasita hata kuvuka barabara tupu. Ikishawaka inatetemeka hadi meno yanagongana, na moshi wa bluu unanuka kama jiko lililomwagikiwa mafuta. Ukivuta mafuta kidogo inakokota tu, kama ng'ombe anayelazimishwa kutoka zizini. Unadhani umeionea. Unaongeza unene wa kucha, na kitu kinatokea chini yako ambacho hukukiagiza. Bodaboda hulipua mara moja kisha hupumzika mzunguko mmoja; hii hailali, kila mzunguko ni mlipuko, na kila mlipuko unaukuta uliotangulia haujaisha. Mikono inarefuka. Tairi la mbele linakuwa jepesi. Miti inakusogelea. Mimi nilikuwa naachia kila ilipofika hapo. Kila mara. Nilikuwa naendesha kama mtu anayegonga mlango na kukimbia.

Siku ya majaribio tulikwenda nyumbani kwa baba mdogo mlimani, mahali lami inapokoma na udongo mwekundu unapanda kuelekea msituni. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Nilianza mimi. Nilimwamkia mwenye pikipiki shikamoo mara mbili kwa sababu sikuwa na hakika kama ya kwanza alisikia. Nikapanda hatua mia hivi, ikanivuta, nikaachia, ikazima, ikaanza kurudi nyuma, nikaangukia kwenye migomba ya mama mdogo. Mama mdogo aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtetemeka.

Kisha kaka. Alipiga kiki mara mbili. Akaondoka polepole, nikajua anaitafuta. Kwenye kona ya kwanza aliipata, na sauti ikabadilika, ikawa kitu kimoja kirefu kinachopanda, kikipotea nyuma ya mibuni na kutokea juu zaidi, bila kuachia hata mara moja. Niliisikiliza kwa mwili mzima. Nilijua ndani ya ile sauti kwamba kazi imeshakwenda, na kwamba imekwenda kwa haki. Hilo la haki ndilo lililonichoma.

Alirudi uso umejaa tope, macho yanang'aa. "Hii haikupi nguvu," alimwambia baba yake. "Hii inakunyang'anya mikono."

Mwenye pikipiki alikuwa anacheka. "Na huyu mwingine?" aliuliza, akinionyesha kwa kidevu.

"Huyu mumwache awe anashika kibao cha majina uwanja wa ndege." Kaka alijifuta tope. "Tuliuza ng'ombe wetu asome, mzee. Na yule ng'ombe angalau alikuwa anatoa maziwa."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe aliyeuzwa nikalipiwa mwaka wa kwanza alitoka zizi lile lile tulilokuwa tumesimama mbele yake. Walicheka wote, na safari hii hata baba mdogo.

"Basi, kijana," mwenye pikipiki alimwambia kaka, "ishushe mpaka gerejini. Tutaandikiana huko huko."

Kaka alivaa helmeti. Akaikalia, kisha akageuka, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi.

"Msomi. Kabla sijaondoka. Tahadhari ya leo?"

Wote wakanitazama, wakiwa tayari kucheka. Nilikuwa nayo. Nilikuwa naiona ile aya, mstari wangu wa penseli, hata alama ya kidole cha oili pembeni yake. Kwa miezi nilikuwa nimewaonya watu kuhusu chai, na siku niliyoombwa mbele ya mashahidi nilikuwa na onyo la kweli mdomoni.

"Leo sina, kaka."

"Sherehe," akasema. "Amepona."

Watu hudhani mambo kama haya hutokea haraka. Iligoma kuwaka mara tatu. Nilikuwa na kiki tatu nzima za kubadili mawazo, na katika kila moja nilifikiri sana, kama kawaida yangu. Kwenye ya kwanza nilijiambia labda atakamata klachi. Kwenye ya pili, labda kitabu kinatia chumvi. Kwenye ya tatu sikujiambia kitu. Nilikuwa namtazama mgongo.

Ikawaka, akaondoka. Nilimsikia akitia gia ya tatu na kufunga mafuta. Sauti ikawa ya kukohoa kohoa, ya injini inayozungushwa bila kulishwa. Nikangoja afungue. Mama mdogo alikuwa anauliza nani anataka chai. Ile sauti ikazidi kushuka bondeni, imefungwa, imefungwa, kisha ikakatika katikati ya kikohozi.

Tulikimbilia bondeni. Tairi la nyuma lilikuwa limejifunga kwenye kona ya mfereji. Alama yake ilikuwa nyeusi na imenyooka, imeikataa kona kabisa. Kaka alikuwa ndani ya mfereji, maji yanapita juu ya kifua chake, na mguu wa kulia chini ya goti ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Alikuwa ananiangalia mimi. "Imenoki," alisema, kwa mshangao, kama mtu anayetoa taarifa. "Ilikuwa inashuka vizuri, ikanoki."

Jumatatu baba mdogo aliifungua injini. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa kama iliyopitishwa kwenye msasa, kavu. Aliiweka juu ya meza mbele yangu.

"Hii haikupata oili. Nani alichanganya?"

"Mimi."

"Uliweka?"

Tangi lilikuwa limepasuka na petroli yote kwenda na mfereji. Hapakuwa na kitu cha kupima. Niliweka oili. Niliipima mara tatu. Na njia pekee ya kuthibitisha ilikuwa kwenda kukileta kitabu, kufungua ile aya, na kumwonyesha jinsi injini yenye oili sahihi inavyoweza kukauka, na mstari wa penseli ungemwambia yaliyobaki. Nilipima, kama nilivyofundishwa chuoni, hasara ipi ndogo.

"Nadhani nilisahau, baba," nikasema.

Hakunipiga. Alisema, "Mtu unayepima hadi chai," akaenda kunawa mikono.

Kaka alinisamehe kabla sijaomba. Nilimpelekea mtori wa ndizi hospitali, na yeye, mguu umefungwa hogo la plasta kuanzia pajani, alinikalisha kitandani. "Binadamu husahau," aliniambia. Akawaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani kwamba huyu ni mdogo wake, msomi, alisahau oili, na wakacheka kwa upole, naye akanishika mkono walipokuwa wanacheka. Nilikuwa tayari kwa matusi. Kwa ule mkono sikuwa tayari.

Kazi hakuipata mtu. Mguu ulipona ukiwa mfupi. Bodaboda yake ilikuwa imesimama muda mrefu, na nyumba ilikuwa inaitegemea, kwa hiyo baba mdogo aliamua niiendeshe mimi. Juma la kwanza kaka alipanda nyuma ili anifundishe, magongo yamefungwa ubavuni, mkono wake mmoja begani kwangu. Tulishuka barabara ile ile.

"Tia ya pili," alisema. "Funga mafuta. Mwache mnyama ashike."

Nikafunga. Tulipokaribia mfereji mkono wangu ulifungua kidogo, ukafunga. Baada ya muda ukafungua tena. Bodaboda haihitaji hilo. Nilijua haihitaji.

"Mbona unapiga resi? Funga."

"Nimefunga."

"Hujafunga, unamdokoa." Tukapita kona. Mkono ukadokoa tena. "Nani amekufundisha kushuka hivi?"

Nilikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, na nikachelewa kuchagua.

"Kitabu," nikasema.

"Kipi?"

"Cha ile."

Upepo ulikuwa mwingi, nikadhani hakusikia. Kisha akauliza, polepole, "Ulikisoma lini?"

"Kabla."

Aliuondoa mkono begani kwangu. Nilimsikia akikishika chuma cha kubebea mizigo nyuma yake, mikono yote miwili, na hivyo ndivyo alivyokaa hadi mjini, mgongo wangu ukiwa na baridi mahali mkono ulipokuwa. Gerejini alishuka bila kukubali nimsaidie, akajifungulia magongo mwenyewe.

Kesho yake asubuhi chai ililetwa kama kawaida. Mafundi walimtazama kaka, wakingoja anyooshe mkono. Alikipokea kikombe, akakitazama kinavyofuka, akakipuliza mwenyewe, akanywa.