Mlango Niliomkatia Rafiki

Babu yangu mzaa baba alikuwa na migomba kando ya Mto Songwe, kule Ileje, upande wetu wa Tanzania. Mwaka mmoja, mimi sijaota hata ndevu, mvua ilinyesha mpaka vyura wakachoka. Mto ukaacha njia yake ya zamani ukajichimbia nyingine, na maji yalipopungua migomba ya babu ilikuwa imesimama vizuri kabisa, mikungu inaning'inia, ila iko Malawi. Babu alilala mkulima wa kawaida akaamka ana shamba nchi za nje. Nilijivuna sana shuleni. Nafasi za kujivuna zilikuwa chache, maana nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza.

Babu hakwenda kulalamika kwa mtu. Alisubiri kiangazi, akavuka kwa miguu, akakata mkungu wake, akamwachia mwenye nyumba wa ng'ambo mkungu mwingine, akarudi. Nikamuuliza, "Babu, siku wakikunyima?" Akasema, "Watanyima tu. Ndiyo maana nakula leo." Akili zile zilinipita mimi zikaenda kwa dada zangu.

Hadithi hiyo ya migomba nimeisimulia sana Tunduma. Nikipeleka karanga kuuza mjini huwa naketi kwenye foleni ya malori. Madereva wanangoja kuvuka mpaka, hawana pa kukimbilia, kwa hiyo wananisikiliza hata wasipotaka. Wale wa Zambia wananiita bashikulu, yaani babu, wanasinzia kwa heshima. Sasa miaka michache iliyopita alikuwepo dereva mmoja wa kutoka nchi ndogo, siitaji, yenyewe inajijua. Nilipomaliza migomba yangu akacheka mpaka akashika tairi.

"Mzee, kwetu nchi nzima ni kama hiyo migomba ya babu yako. Ukiamka unachungulia kwanza uko kwa nani."

"Sasa usingizi mnaupataje?"

"Kwa rafiki. Nchi ndogo haina jeshi la kumtisha mtu. Inatafuta nchi kubwa, wanakula kiapo: ukipigwa wewe nimepigwa mimi. Jirani mchokozi akitaka kuingia, anamwona yule mkubwa nyuma yako, anaahirisha."

"Na huyo mkubwa anapata nini?"

"Hapo sasa, mzee wangu. Anaomba njia. Anaomba kipande cha kuweka askari wake. Na siku yenyewe ikifika unamwomba Mungu asiwe na shughuli nyingine."

Hilo la mwisho lilinipita kama lori lisilo na mzigo. Nilikuwa nimeshashika lile la mwanzo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nchi ndogo.

Shamba langu liko Ndalambo, kwenye mteremko. Juu yangu, kilimani, anakaa mfugaji mwenye ng'ombe wengi. Chini yangu, bondeni, kando ya kijito, anakaa mwingine mwenye wengi zaidi. Katikati ni mimi na mke wangu na mahindi yetu, ambayo ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima, hatuna kingine. Kilichotukinga ni ua wa minyaa alioupanda mke wangu, kijiti kwa kijiti, tangu tulipohamia. Hata hivyo ng'ombe wa bondeni walikuwa wanauchokoza, wanapenyeza pua palipopungua, na mwenyewe ukimwambia anakujibu, "Ng'ombe hajasoma, jirani." Mimi nami sikusoma, lakini sijawahi kukutwa ndani ya mahindi ya watu.

Basi nikarudi kutoka Tunduma nimebeba siasa ya mambo ya nje. Nikamwambia mke wangu tutafunga mkataba wa ulinzi na yule wa kilimani.

"Babu wewe," akasema, "kata minyaa mingine tuzibe pale palipopungua. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Wewe unawaza minyaa. Mimi nawaza usalama wa taifa."

"Taifa lenyewe lina mbuzi mmoja, tena kilema."

Mkataba tuliufunga kwa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, chungu kimoja na mirija miwili, maana kwetu ukinywa na mtu chungu kimoja mmeshakuwa ndugu. Ulezi ulikuwa wangu, kuni zangu, kupika kapika mke wangu. Yule wa kilimani alikuja na mrija. Alivuta huyo bwana, alivuta mpaka mrija wangu ukaanza kunyonya hewa.

"Ndugu yangu," akasema akifuta midomo, "ng'ombe wa mtu yeyote akigusa hindi lako, amenigusa mimi. Wewe piga simu tu."

"Nawe unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Labda kanjia tu ka kupitisha ng'ombe wangu kwenda kijitoni. Wanazunguka mbali, wananitia huruma."

Kesho yake nikachukua panga, nikakata mlango kwenye ua wa juu na mwingine kwenye ua wa chini. Utomvu wa minyaa ukaniruka jichoni. Nililia kutwa nzima, mke wangu ananiosha jicho. Nilidhani ananihurumia.

Halafu rafiki yangu akaleta vijana wawili, wakajenga kibanda ndani ya shamba, wawe walinzi. Walilinda vizuri, hasa saa ya kula. Mke wangu alikuwa hajaupakua ugali, wao wameshanawa. Ng'ombe wa rafiki nao walipita kila siku kwenda kunywa, huyu anang'ata hapa, yule anaonja pale. Nikawa nasema hiyo ndiyo kodi ya amani. Mke wangu akawa anasema ndiyo mahindi.

Lakini haki yake nimpe: ng'ombe wa bondeni hawakuingia. Nikawa natembea kijijini mikono nyuma kama waziri. Kwenye mkutano yule mwenye ng'ombe wa bondeni akanisalimia yeye kwanza, nami nikamjibu taratibu, kama mtu mwenye majeshi.

Mahindi yakabeba. Asubuhi moja nikaona kibanda kitupu, vijana hawapo, na sufuria yetu wameondoka nayo. Huko kilimani zinasikika ngoma na vigelegele. Nikamwambia mke wangu labda ni mazoezi ya kijeshi. Aliniangalia mimi, akaangalia kilima, akaenda kutafuta fimbo.

Mchana nikasikia kengele. Kundi la bondeni lile, linaingia kwa mlango wa chini, limejipanga vizuri, halikuvunja hata kijiti. Na waliowatangulia wale ng'ombe, wanaimba, ni walinzi wangu wawili.

"Shikamoo, mzee!" wakaniambia.

Nikaitika marahaba. Ningefanya nini? Ng'ombe walipopata harufu ya mahindi mabichi wakasahau safari yao, wakatawanyika shamba zima. Nikapiga simu. "Ndugu yangu, nimevamiwa!" Akasema anakuja, na akaja kweli, mbio, fimbo mkononi, shati jipya. Nikampigia kelele mke wangu, "Umeona sasa? Umeona?" Mke wangu alikuwa anapiga kifuniko cha ile sufuria iliyoibwa na kurusha mawe, hakuwa na nafasi ya kuona.

Rafiki yangu akasimama kwenye mlango wa juu. Akawatazama wale ng'ombe mmoja mmoja, kama mtu anayechagua kitambaa. Uso ukamlainika.

"Watoe!" nikasema. "Si ulisema ng'ombe wa mtu yeyote?"

"Hawa si wa mtu yeyote, ndugu yangu. Hawa ni mahari. Kijana wa bondeni anamwoa binti yangu. Hawa ni wangu."

"Wamekuwa wako tangu lini?"

Akafikiri kidogo, si mwongo yule mtu. "Nadhani tangu walipopita mlango wa chini."

"Na mahindi yangu?"

"Nimeyaona. Yamestawi."

Hapo ndipo lile neno la mwisho la dereva liliponirudia kama lori, safari hii na mzigo wake. Kilichobaki kimesimama ni mistari michache ya karibu na nyumba, ile aliyoilinda mke wangu kwa kifuniko. Akaja anahema, akasimama upande wa jicho langu lile lililoungua.

"Muulize waziri mwenzio," akasema, "sisi tunakula nini mwaka huu."

Nikamuuliza. Nilimuuliza kwa adabu, kama ndugu wa chungu kimoja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga mluzi, dume la mbele likainua kichwa, hindi langu bado mdomoni, na wengine wote wakalifuata. Akapita katikati ya minyaa, pale nilipomkatia mlango, akapanda kilima fimbo begani, hakugeuka, na kwangu hajarudi tena.