Upanga Usio na Jina wa Mzee Katayama

Bi Kinuyo Katayama ameuza tofu, ile jibini laini ya soya, hapa Osafune, mji wa wafua panga tangu kale, tangu alipoolewa, na mikono yake ni myekundu yenye mipasuko mwaka mzima kwa sababu ya maji baridi. Mambo ya panga hakuyajua wala hakuyataka. Hayo yalikuwa ya mumewe, Mzee Genzo, ambaye kila mwezi alikaa na wenzake katika ukumbi wa mtaa chini ya Mwalimu Ishimaru, mjuzi wa panga, wakitazama panga za kale na kubishana nani alizifua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia chai, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Kisha kisukari kikamla Mzee Genzo macho, na figo zikafuata. Nyumbani alikuwa na upanga mmoja ulioachwa na babu yake, usiochongwa jina la fundi. Maisha yake yote aliamini ni kazi ya mafundi wa zamani wa hapa hapa kwetu, na maisha yake yote hakuthubutu kuuonyesha kwa mjuzi. Shemeji yake alizoea kumwambia kwamba huo ni wa kukatia matikiti. Mzee alicheka naye, lakini neno lile lilimchoma. Sasa alitaka kuujua ukweli kabla hajafa, na alitaka mtu atakayebaki na upanga ajue amebaki na nini.

"Nenda ukakae mahali pangu," alimwambia mkewe. "Ukishaweza kuutazama upanga bila kuuogopa, mpelekee Mwalimu ule wetu."

Basi akaanza, bibi mwenye wajukuu. Alifundishwa kuuinamia upanga kabla ya kuushika, kufunga mdomo maana tone la mate huzaa kutu, na kutogusa ubapa hata kwa ncha ya kidole. Alifundishwa kutazama umbo kwanza, halafu nyuzi za chuma, halafu ule ukungu mweupe unaoachwa na moto kando ya makali. Baada ya hapo mtu huandika jina la fundi kwenye kikaratasi na kumpa Mwalimu Ishimaru, naye hujibu kama umepata au umekosa. Msuka, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya mpini na ambako fundi huchonga jina lake, hufungwa kitambaa ili mtu asiibe jibu.

Mwanzoni alikosa kila mara. Nomura, muuza dawa, mtu asiyejua kunyamaza, alimtania. "Bi Kinuyo, hiyo si tofu, usije ukaiminya."

"Tofu ikiharibika inanuka, bwana. Hizi zenu mtu atajuaje?"

Walicheka, naye akaendelea kuja. Siku alipopata jina kwa mara ya kwanza hakungoja hata chai yangu. Nasikia Mzee alimfanya aueleze upanga ule tangu ncha hadi mwisho, mpaka wali ukapoa.

Kwa kweli hakungoja chai siku yoyote. Majibu yakishatolewa vitambaa hufunguliwa, na wanaume husogea kutazama misuka kwa zamu. Saa hiyo Bi Kinuyo alikuwa amekwisha kwenda zake, kwa sababu mgonjwa alikuwa akingoja dawa.

Hali ya Mzee ilipokuwa mbaya alisema upanga upelekwe. Asubuhi ya mkutano Bi Kinuyo aliuchomoa mpini mwenyewe, jambo ambalo siku zote lilikuwa la mumewe. Akauona msuka kwa mara ya kwanza maishani, mweusi kwa kutu. Mwanamke aliyeosha vyombo vya tofu maisha yake yote, dukani kwake huoni hata doa, aliona aibu kwa niaba ya mume wake. Alichukua brashi na unga wa kusugulia sufuria akasugua mpaka msuka ukang'aa. Kisha akaufunga kitambaa safi.

Mwalimu Ishimaru aliushika upanga ule muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akishika wowote. Mwishowe alisema ni kazi ya hapa, ya kale sana, akataja jina la fundi ambalo wazee wetu hulitaja kwa sauti ya chini. Nomura aliuinamia upanga. Bi Kinuyo aliziba uso kwa mikono, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Ndipo Mwalimu akafungua kitambaa.

Hakugomba. Alimweleza polepole kwamba upanga usio na jina shahidi wake ni ile kutu, iliyoota kwa miaka mia sita, na hakuna anayeweza kuiharakisha. "Mimi nayaamini macho yangu," alisema. "Lakini nje ya chumba hiki hakuna atakayeniamini tena. Wataona msuka mpya, watasema upanga mpya." Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Ukumbi mzima wa wajuzi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kumwambia kwamba kutu ya msuka haiguswi.

Nilimsindikiza nyumbani. Njiani alisema atamwambia mumewe jina lile tu, basi. Lakini Mzee alitaka kuushika upanga kwanza, na mpini ulikuwa haujarudishwa. Vidole vyake vilifika kwenye msuka, vikaenda, vikarudi.

"Umeusugua," alisema.

"Ulikuwa mchafu, baba. Niliona vibaya watu wauone vile."

Mzee aliuweka upanga kando. Halafu akaitafuta mikono ya mkewe, akaipapasa ile mipasuko. "Lazima imekuuma. Kutu hiyo ni ngumu."

Heri angempiga. Bi Kinuyo alilia mpaka nikashindwa kumtazama. Alipopata pumzi alianza kusema, "Mwalimu amesema kwamba…"

"Usiniambie, mke wangu. Kama alisema siyo, itaniuma. Kama alisema ndiyo, itaniuma zaidi."

Alikufa mwezi uliofuata, bila kuuliza tena.

Kila asubuhi Bi Kinuyo huweka wali na chai mbele ya picha ya Mzee na kumpa habari: maharage ya soya yamepanda bei, mjukuu ameota jino, Nomura ameanguka na baiskeli. Humwambia kila kitu. Siku moja nilimuuliza kama amekwisha kumwambia na lile jina. Alifuta mikono kwenye aproni, akatazama pembeni.

"Alinikataza," alisema.