Jiwe la Haloo Limenyamaza

Baridi ya Gitting haina adabu. Haibishi hodi, inaingia tu. Saa kumi na moja alfajiri Doris Hhando yuko njiani tayari, shuka mbili mabegani, kikapu mgongoni, fimbo mkononi. Ukungu wa Mlima Hanang umeshuka mpaka kwenye mashamba ya viazi. Njia haionekani, ila miguu yake haiulizi.

Kikapuni mna simu tatu, kila moja imefungwa kwenye kitambaa chake.

"Zamani kikapu kilikuwa kinanivuta nyuma," anasema huku akihema. "Sasa mgongo unajiuliza kama nimesahau kitu nyumbani."

Doris, mjane wa miaka arobaini na saba, ni mpandisha simu. Kitongoji chake kimekaa bondeni, mnara uko upande wa pili wa mlima, na mlima haupishi. Mahali pekee penye mtandao ni kwenye jiwe kubwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa mtu mwenye magoti mazuri. Watu wameliita Jiwe la Haloo.

Kwa miaka tisa kazi yake imekuwa hiyo. Jioni majirani wanamletea simu zao zikiwa zimezimwa kutunza chaji. Alfajiri anazipandisha, anaziwasha juu ya jiwe, anatuma waliyomwagiza, anasubiri ujumbe uingie, kisha anashuka kuzirudisha mlango kwa mlango. Watoto walimtungia kitendawili, na hakuna mtoto wa pale asiyekijua.

Kitendawili! Tega! Anapanda na maiti, anashuka na walio hai.

Doris wa simu!

Alikuwa akilipwa shilingi mia mbili kwa kila simu. Siku nzuri kikapu kilibeba simu ishirini na zaidi, karibu zote vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Binti yake Judith alisoma sekondari Katesh kwa mgongo huo. Leo atapata mia sita, na Judith yupo nyumbani anapalilia maharage.

"Si mvua iliyonimaliza, wala uzee," anasema Doris. "Ni hewa. Hewa imegawiwa upya."

* * *

Mgawo wenyewe ulitangazwa. Hilo Doris halikatai. Mapema mwaka huu, asubuhi moja juu ya jiwe, simu zote kikapuni zililia pamoja kama vifaranga. Akafungua ya kwanza. Ilianza na "Mpendwa mteja". Akaifuta. Akafungua ya pili: "Mpendwa mteja". Akaifuta, na ya tatu, mpaka akazimaliza.

Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Kitochi kina tumbo dogo. Kikijaa ujumbe wa kampuni, ujumbe wa mtoto haupati pa kuingia. Wateja wake wenyewe ndio waliomwagiza afute.

"Anayekuita mpendwa na hata jina lako halijui, huyo ana kitu cha kuuza," anasema. "Mimi nilikuwa nashusha maneno ya watu. Ya kampuni niliyaacha kulekule juu."

Ujumbe ule ulikuwa unasema kwamba masafa yaliyokuwa yakibeba simu za zamani yanahamishiwa kwenye mtandao mpya wa kasi. Masafa ni njia za hewani ambazo sauti na maandishi hupita. Hazionekani, lakini zina mwenyewe, na serikali ndiyo inayozigawa, kila kampuni kipande chake. Kuanzia siku iliyotajwa, simu isiyosikia mtandao mpya ingebaki bubu.

Siku hiyo iliangukia Jumamosi.

Doris alizipanga simu juu ya jiwe kama kawaida yake, siku hiyo vitochi vitupu. Akaziwasha. Zikawaka, lakini hakuna iliyolia. Akazigeuza, akazipandisha juu ya kichwa, akahama kutoka upande mmoja wa jiwe kwenda mwingine. Bubu zote.

"Nikasema mnara unaumwa," anakumbuka. "Mnara nao ni chuma, unaumwa. Nikasubiri mpaka jua likakausha umande, nikashuka."

Nyumba ya kwanza njiani ni ya Mzee Agustino Margwe, mkulima wa ngano na viazi mwenye ng'ombe wachache. Mwanawe Vicent alikuwa mchimbaji wa madini huko Mirerani. Kila Jumamosi Vicent alituma maneno yaleyale: "Baba shikamoo. Nipo." Mzee naye alikuwa na jibu moja: "Marahaba. Upo." Hayo ndiyo mazungumzo yao yote, na yaliwatosha.

Jumamosi ile mzee alikuwa amesimama langoni akisubiri. Doris akamsalimia, akampa simu kwa mikono miwili. Hakusema neno, kwa sababu hakuwa nalo. Kisha akakata kulia, njia ya kwenda kwa Nikolausi Sulle, mwenyekiti wa kitongoji, amweleze kwamba mnara unaumwa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwa watu wa bonde hili, habari ya msiba haiokotwi njiani. Haisemwi kwa simu, wala mfiwa haambiwi akiwa amesimama. Anayeijua hunyamaza, huenda kwanza kwa wazee, na wazee ndio wanaokuja nyumbani, wanakaa, wanazungumza habari za mvua na mifugo, na polepole wanalifikia neno. Doris mwenyewe ameishika desturi hiyo miaka yote tisa. Ujumbe wa kifo ukiingia juu ya jiwe, anamrudishia mwenye simu simu yake kwa mikono miwili, mdomo umefungwa, kisha anakata kulia kwenda kwa Nikolausi.

Mzee Agustino alimwona akikata kulia.

* * *

Mfiwa haulizi. Anasubiri kuambiwa. Mzee Agustino alisubiri Jumamosi ile, akasubiri na Jumapili, na wazee hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na la kuja kusema. Yeye akaona wanaogopa kumwambia.

Jumatatu majirani waliona ng'ombe wake wamesimama peke yao mtoni, mbali na wa wengine. Hiyo ni desturi ya zamani, wengi wameiacha tangu waingie kanisani, lakini mzee anaishika: nyumba yenye msiba haichanganyi mifugo yake na ya watu kwenye maji. Kesho yake akaonekana amenyoa kichwa.

Basi ikawa msiba.

"Kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayejua," anasema Oliva, jirani wa miaka sitini mwenye ulimi mwepesi. "Mimi nilidhani habari imekuja na pikipiki kutoka Katesh. Ungeuliza nini? Umwambie mtu aliyenyoa kichwa, 'Eti mzee, una hakika?'"

Wakaja na unga. Wakaja na kuni. Tekla, mke wa mzee, alilia mpaka sauti ikakauka. Na Doris naye alikuja, amebeba debe la mahindi kichwani, akakaa na wanawake wenzake, akalia.

"Nilimlilia Vicent kwa moyo wote," anasema. Anasimama kidogo njiani, anajifanya kukaza kikapu. "Na msiba ule niliuleta mimi, kwa mikono yangu hii miwili."

Alhamisi mchana pikipiki ikashuka bondeni. Nyuma ya dereva alikaa kijana mwenye blanketi jipya mapajani. Lilikuwa la kumzikia baba. Vicent alikuwa ametuma "Nipo" yake Jumamosi na hakupata "Upo". Akatuma tena, akapiga, simu ya mzee haipatikani. Jumatano akaacha shimo, akapanda gari.

Alipofika langoni akakuta watu wamejaa, akajua hakukosea. Akaanza kulia kwa sauti, "Baba yangu! Baba yangu!" Watu wakageuka. Wanawake wengine walikimbia.

Mzee Agustino hakuinuka kwenye kigoda chake.

"Wewe ni nani unayelia kwangu?" akauliza.

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

Watu wa bondeni wanasema mpaka leo marahaba hiyo haijatoka.

Wazee waliamua kondoo achinjwe, kwa maana aliyeliliwa hawezi kuingia ndani hivihivi kama aliyetoka kuchota maji. Padri naye alikuja, akabariki nyumba. Ng'ombe wakarudi kunywa na wenzao. Lakini Vicent alipopiga simu Mirerani akaambiwa nafasi yake shimoni ina mtu mwingine. Sasa analima kwa watu, vibarua vya kutwa, huku baba yake akimwangalia kama mgeni aliyechelewa kuaga.

"Ananisogezea kiti," anasema Vicent. "Mtoto wa nyumbani hasogezewi kiti."

* * *

Wiki chache baadaye, kijana wa kampuni ya simu aitwaye Kelvin alikuja kwenye mkutano wa kitongoji. Alikuwa mpole, viatu vyake vimejaa tope, na alijitahidi kueleza. Nikolausi akamfungulia mkutano kwa kitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia watu.

"Shamba halishikiki, halina jiwe la mpaka, lakini lina mwenyewe."

"Masafa!" akasema Kelvin, na watu wakacheka kidogo. Ndicho kicheko pekee cha siku ile.

Akawaeleza kwamba hewa haiongezeki. Simu zinazidi, watu wanataka intaneti, shule inataka, zahanati inataka, na njia za hewani ni zilezile. Kwa hiyo kile kipande kilichobeba vitochi kimepewa mtandao wa kasi. Mnara haukuumwa hata siku moja. Unaongea kama zamani, ila kwa lugha ambayo vitochi havisikii. Na miaka ijayo, akasema, masafa mengine yatagawiwa upya kwa mtandao wa kasi zaidi ya huu.

"Kwa hiyo mmetufukuza kwenye hewa yetu," akasema Oliva, "kama ng'ombe aliyekutwa kwenye ngano!"

"Hapana, mama. Mnahitaji simu mpya tu."

"Tu! Mwanangu, hiyo 'tu' yako ni mbuzi mzima."

Kelvin akasema taarifa ilitumwa kwa kila mteja. Watu wakamgeukia Doris. Doris akasimama, akasema, "Ilikuja. Niliifuta," akakaa. Hakuna aliyemtukana. Anasema afadhali wangemtukana.

Tangu siku ile kikapu ni chepesi. Si kwamba vitochi ni bubu tu. Hata wale wachache wenye simu zinazosikia mtandao mpya, wengine wameanza kupanda kilima wenyewe, magoti yao mabovu hivyohivyo. Doris akimwambia mtu "Ni salama", mtu anamtazama mikono. Na watoto wamekibadilisha kitendawili chao, ingawa wakimwona wananyamaza: anapanda na maiti, anashuka na maiti.

* * *

Juu ya jiwe ukungu unaanza kupasuka. Doris anawasha simu zake tatu, moja ya mwenyekiti, moja ya mwalimu, moja ya Oliva aliyonunuliwa na mtoto wake. Ya mwalimu inaingiza salamu za dada yake, kisha nyingine inalia. "Mpendwa mteja."

Anaisoma mpaka mwisho, midomo ikicheza. Anarudia. Ni tangazo la vifurushi vya intaneti. Haifuti. Ataishusha, na mwenye simu atasomewa yote, apende asipende.

"Siku hizi nashusha kila kitu," anasema.

Ana mpango. Yeye na wanawake wenzake wa jumuiya wameanza kuchanga kila Jumapili. Zipo simu za vitufe zinazosikia mtandao mpya. Zinauzwa Katesh, na bei yake ni kati ya kitochi na simu ya kupangusa. Wanataka kununua moja moja, nyumba hadi nyumba. Na kwa wanaogawa masafa ana ombi moja tu.

"Hatukatai wagawe. Dunia inakwenda," anasema. "Lakini mtandao wa watu ukifa, ni msiba. Wasitutumie 'mpendwa mteja'. Waje kwa wazee, wakae, watuambie kwa mdomo. Msiba hauokotwi njiani."

Anashuka. Langoni kwa Mzee Agustino anasimama, ingawa simu ya mzee haimo kikapuni. Tangu mkutano ule hupita hapa kwanza kila siku, kabla ya nyumba yoyote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka kwa Nikolausi?"

"Hapana, mzee. Nimeanza kwako. Huko juu ni salama, hakuna aliyekufa, kuna upepo tu, na mwalimu kaletewa salamu na dada yake, na kampuni inauza vifurushi..."

Mzee anamsikiliza, kichwa kimeinama, nywele zimeanza kurudi, nyeupe. Kisha anaingiza mkono kwenye koti, anatoa kitochi chake kilichofungwa kitambaa.

"Kesho kipandishe," anasema. "Labda kitasikia."

Nyuma ya nyumba Vicent ameacha kupasua kuni, anatazama. Doris anajua kitochi hakitasikia. Simu ya kwanza watakayonunua kwa michango, ameshawaambia wenzake, ni ya nyumba hii. Anakipokea kwa mkono mmoja, kinyume na adabu aliyolelewa nayo, anakitia kikapuni, na anaondoka akiongea, anaongea bila kupumzika, mpaka mzee asimsikie tena.