Masikio ya Nyangumi

Daktari wa wanyama aliyetumwa kwetu Msambweni mwaka wa tisini na saba hakushika kisu kabla ya kuweka kiganja juu ya ngozi ya nyangumi aliyefia ufuoni, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alituamkia wazee shikamoo, akakata polepole, akinusa kila kipande. Tumbo halikumwambia kitu, wala mapafu. "Jibu liko sikioni," alisema kwa sauti yake ya chini. "Kama ni baruti za wavuvi wanaolipua samaki, damu itakuwa imevilia humo." Akazunguka mbele, akakuta kichwa kimepasuliwa chote.

"Tulikichemsha jana, bi daktari, tupate mafuta ya kupaka madau, mifupa tukaitia motoni," fundi Mbarak akamwambia. "Kwani masikio ya maiti yasikie nini?" Vijana wakacheka. Zamani hakuna aliyemgusa mnyama kama huyo kabla ya wazee kumtazama na kuomba dua. Siku hizi shoka hutangulia. Daktari hakugomba. Alipiga magoti penye majivu, akachambua mifupa iliyoungua, kipande kwa kipande. Mlio wa baruti ukasikika baharini, nje ya mwamba. Vidole vyake vikasimama, akatutazama mmoja mmoja, nasi sote tukatazama mchanga.