Saa Moja ya Kula

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kazi, Marshalltown, huku ugenini, nikiongea kwenye simu. Nilipokata, mtu aliyeketi pembeni yangu, kofia ya mlinzi magotini, akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo: "Dada, nisomee kidogo ile bango la sheria pale ukutani."

Nikajiona mwanasheria. Nikamtafsiria yote kutoka Kiingereza: masaa ya kazi kwa wiki, likizo, siku ya kupumzika. Akawa anaitikia kwa kichwa.

"Umeruka moja," akasema, bila kutazama ukutani. "Ukitumika kazi masaa tano, wanakupa saa moja ya kula."

"Kumbe unaijua?"

"Naijua yote. Hata bosi alinipa ile saa." Akaigeuza kofia yake. "Lakini kule getini ninapolinda, Midrand, niko peke yangu. Nakula nikiangalia ukuta. Leo ni siku yangu ya kupumzika, nikasema nije huku kwenye watu. Nikasikia unasema Kiswahili."

Bango lile lilikuwa na vifungu vingi. Cha mtu wa kula naye sikukiona.

Namba yangu ikaitwa. Nikajifanya sikusikia, nikaanza kumsomea upya kutoka juu.