Mlango Unaomtazama Noella

Kabla ya kupambazuka, mfuniko wa birika unagongagonga jikoni kwa Noella, kijijini Makobola. Amewahi kuamka ili fundi asianze kazi bila chai.

Fundi huyo, Eliane, yuko uani na tochi. Kuta za nyumba nzima zimelala majanini mbele yake. Zimekuja kwa lori kutoka karakana yake ya Uvira.

Kila ukuta huuchora kwanza kwenye kompyuta. Kisha hushika patasi, kama alivyofundishwa na baba yake: ulimi wa ubao huu unaingia kwenye tundu la ule, na kigingi cha mti kinavishikilia. Hatumii msumari hata mmoja.

“Ziwa likipanda, unaifungua nyumba, unaihamisha,” anasema.

Nyumba hii ni ya Bibi Libérate, mjane aliyebomolewa nyumba na maji ya ziwa. Tangu hapo analala kwa jirani yake Noella. Waumini wenzake wamechanga mbao na leo wamekuja kusaidia, maana mvua ziko karibu.

Kufikia saa nne kuta nne zimesimama, bado paa. Bibi anaizunguka nyumba polepole, kisha anaketi chini.

“Eliane, mwana wangu, humu siingii.”

“Mama! Iko na kosa gani?”

“Mlango unatazama ziwa. Noella alinipokea na nguo moja, leo nimugeuzie mugongo?”

“Minye nilifikiri utapenda kuona maji.”

“Maji tunajuana. Yaliingia kwangu bila kubisha hodi!”

Watu wanacheka. Noella, machozi yakimlengalenga, anasema, “Weye mama, ingia tu, nitazunguka.” Bibi anakataa.

Eliane anakuna kichwa, anafungua kompyuta. Ukuta wa mlango na ule wa upande wa Noella vipimo vyake ni sawa. Anagonga vigingi, vinatoka. Wanaume wanabeba, kuta zinabadilishana nafasi. Kabla ya saa sita ndimi zote zimeingia.

“Kompyuta haikuniambia jirani anakaa wapi,” anacheka Eliane. “Sasa nitauliza kabla ya kuchora.” Ana ndoto ya kufungua karakana ya pili Nyakabere, awafundishe wasichana.

Jioni mabati yako juu. Bibi Libérate amesimama mlangoni pake, anawaaga wageni.

“Leo mumekula kwa Noella. Murudi Jumapili, siku ya Mungu, mutakula kwangu.”